Datsun ya 1979 na Mtihani wa Moshi

Najua niliahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, lakini kwa wiki tatu sasa tarakilishi yangu imekuwa ikilala imefungwa na mikono yangu inanuka petroli. Kwa hivyo leo ni habari za gari. Msikimbie! Mna mambo ya programu humu ndani, tena mengi kuliko mnavyodhani.

Gari lenyewe ni Datsun 510 ya mwaka 1979, milango minne, kabureta, haina hata chembe ya kompyuta. Ni ya mjomba wangu anayeishi Oakland, California, ambaye ndiye alinipokea nilipokuja huku kikazi. Nikimwonyesha picha yake Mkenya aliyepita miaka 50, huguna kwanza, halafu anasema neno moja: "Safari!" Hajakosea. Hilo jina la 510 ni la soko la Marekani tu. Bodi yake ndiyo ile ya Violet, ambayo kwetu iliitwa 160J, na ndiyo Shekhar Mehta aliyoshindia Safari Rally mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo! Wakati huo anko alikuwa kijana mdogo Nakuru, na kila Pasaka alikuwa kando ya barabara akila vumbi ili aone sekunde kumi za Datsun ikipita. Miaka mingi baadaye, mwaka 1998, akaiona nyingine imeegeshwa hapa Oakland ikiwa na karatasi ya "inauzwa" kwenye kioo. Hakubishana sana kuhusu bei.

Wengine mtauliza, kwa nini asiisafirishe nyumbani akastarehe nayo? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hii ina zaidi ya 40. Kwa hivyo itaishi California, na ikiishi California lazima itii sheria za California.

Sheria hizo ndizo kiini cha habari yangu. Jimbo hili lina mpango unaoitwa Smog Check, ulioanza 1984. Gari la petroli la mwaka 1976 na kuendelea hupimwa moshi kila baada ya miaka 2 (yale mapya kabisa yana msamaha wa miaka ya mwanzo). Ukianguka, husajiliwi. Usiposajiliwa, gari linabaki pambo la uani. Magari ya 1975 kurudi nyuma yamesamehewa yote. Yaani mwenye Datsun ya 1975 anapita akitoa moshi kama treni ya Mkoloni, na sisi wa 1979 tunapanga foleni. Kulikuwa na mswada wa kusamehe magari ya kale yenye miaka 35 na zaidi, watu wakiuita sheria ya Leno kwa sababu Jay Leno, yule mchekeshaji mwenye magari mengi, aliupigia debe. Agosti 2025 ulikwama kwenye kamati ya bunge la jimbo. Anko aliufuatilia mswada huo kama watu wanavyofuatilia ligi ya Uingereza.

Mimi, niseme ukweli, sikuhuzunika ulipokwama. Nitaeleza kwa nini.

Anko na familia yake wanaishi karibu na barabara kuu ya 880. Barabara nyingine iliyo sambamba nayo, ile ya 580 inayopita karibu na vilima ambako nyumba ni za bei ghali, imepiga marufuku malori makubwa katika sehemu ya Oakland. Basi malori ya bandarini yote yanamiminika 880, mchana na usiku. Binti ya anko ana miaka 12 na ana pumu. Chumba chake kiko upande wa mbele, na chini ya dirisha lake ndipo Datsun inapoegeshwa. Sasa mmeelewa. Barua ya kusajili upya ilipofika, anti aliisoma, akaiweka mezani akasema kwa utaratibu kabisa: "Baba, hili gari likianguka mtihani, liende. Sitaki kusikia habari ya mara ya pili." Jimbo hulipa mtu kiasi fulani akikubali gari lake kuukuu likavunjwevunjwe. Anko alinyamaza, halafu akasema sawa. Aliposema sawa sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali kuuza shamba la babake.

Jioni hiyo akanijia. "Kijana, wewe si ulisomea kompyuta? Kazi yenu si kutafuta makosa?" Nikamwambia anko, mimi natafuta makosa kwenye msimbo, injini sijui. Akanijibu kwamba makosa ni makosa.

Kitu cha kwanza ambacho programa yeyote angefanya ni kujua hali ilivyo kabla ya kugusa chochote. Huku vituo vya kupima vinaweza kukufanyia jaribio ambalo majibu yake hayapelekwi serikalini. Unalipa, unapewa karatasi, unaenda zako. Nikamsihi anko tuanzie hapo. Magari ya kuanzia 2000 huchomekwa waya tu, kompyuta ya gari ikajieleza yenyewe. Ya zamani kama hili, katika maeneo yenye hewa mbaya kama hapa, hupandishwa kwenye rola, magurudumu yanazunguka palepale gari likiwa limesimama, bomba linachomekwa kwenye ekzosi, na mashine inapima kwa kasi mbili: kilomita 24 kwa saa rola zikiwa nzito, na kilomita 40 zikiwa nyepesi kidogo. Wanatazama gesi tatu hasa. HC ni petroli iliyotoka bila kuungua. CO ni petroli iliyoungua nusunusu kwa kukosa hewa. NO hutokea moto wa ndani ya silinda ukiwa mkali mno hadi naitrojeni na oksijeni za hewani zinaungana, jambo ambalo kwa kawaida hazina haja nalo.

Majibu yetu: HC ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kikomo. NO ilipita kikomo. CO ilikuwa chini kabisa, safi. Halafu kulikuwa na kipimo cha tangi la petroli ambacho nacho tulianguka. Nitarudi kwa hicho.

Anko aliiona karatasi akakata tamaa palepale. Mimi nilifurahi (nilijificha kufurahi). Kwa sababu karatasi ile ilikuwa kama ujumbe mzuri wa hitilafu, ule unaokuonyesha hadi mstari. Hebu fikiria nami. Kama injini ingekuwa inakunywa petroli kupita kiasi, CO ingepanda. Lakini CO iko chini. Kwa hiyo petroli inayotoka mbichi haitoki kwa sababu ni nyingi. Inatoka kwa sababu haikushika moto. Na ukitazama safu ya mwisho ambayo watu hawaisomi, oksijeni kwenye moshi ilikuwa juu. Hewa imezidi. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi mno, mara silinda inaruka bila kuwaka (HC juu), na zile zinazowaka zinawaka kwa joto kali (NO juu). Dalili mbili, chanzo kimoja: mahali fulani injini inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta.

Ukifungua boneti ya Datsun ya California ya miaka ile utakuta tambi. Mipira midogo myeusi ya vakyumu imepita huku na kule, mingine inaendesha vali, mingine inaenda kwenye distribyuta, mingine hata anko hajui inaenda wapi. Mpira una miaka mingi. Ukiukunja, unapasuka kama mkate mkavu.

Hapa acha nichepuke kidogo, maana nilipata kitu kilichonifurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 hapa California kulikuwa na mwanakemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza ladha ya mananasi. (Watu wa Thika, salamu.) Akaombwa aangalie ukungu mchafu wa Los Angeles, akagundua kwamba HC na NO kutoka kwa magari na viwanda zikipigwa na jua zinazaa ozoni. Na mojawapo ya njia za kupima ozoni wakati huo ilikuwa kukunja vipande vya mpira na kuangalia vinapasuka haraka kiasi gani, kwa kuwa ozoni hula mpira. Baadaye, mwaka 1968, akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya hewa ya jimbo, ndiyo hii inayotusumbua mimi na anko. Sasa angalia mzunguko huo: moshi wa magari unazaa ozoni, ozoni inasaidia kupasua mipira, mipira iliyopasuka inafanya gari litoe moshi zaidi. Na ozoni hiyohiyo ndiyo inayobana kifua cha mtoto mwenye pumu siku za joto. Sikumwambia anko hilo la mwisho. Nadhani alikuwa analijua.

Turudi kazini. Kanuni yangu ilikuwa moja, na ndiyo ninayoitumia ofisini: badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uende kingine. Anko alitaka kubadilisha mipira yote Jumamosi moja. Nikakataa katakata. Ukibadilisha vitu 15 kwa pamoja, injini ikigoma hutajua ni kipi kilichoiharibu. Stika ya mchoro wa mipira chini ya boneti ilikuwa imefifia, lakini nilipata kitabu cha kiwanda cha mafundi kilichopigwa picha, nikachora mchoro upya na kuipa kila mipira namba. Kisha tukanyunyiza maji kidogo kidogo kwa chupa ya dawa ya madirisha, mpira mmoja baada ya mwingine, injini ikiwa inazunguka taratibu. Maji yakiziba ufa, mlio unabadilika. Ni mbinu ya jua kali kabisa na haina gharama. Namba 3, kimya. Namba 4, kimya. Namba 7, injini ikashtuka. Namba 11 pia, na shina la kabureta, pale inapokaa juu ya manifoldi, gasketi ilikuwa imechoka.

Tulibadilisha hizo, na mlio wa Datsun ukawa mwingine. Anko alisimama hapo dakika nzima, mkono juu ya bawa la gari, akisikiliza.

Lakini NO ilikuwa bado inanisumbua akilini. Vichocheo vingi vya kwenye ekzosi vya miaka ile vinaunguza HC na CO, lakini NO haviwezi. Kazi ya kupunguza NO iliachiwa vali inayoitwa EGR: inarudisha moshi kiasi ndani ya silinda ili moto upoe. Inasikika kama upuuzi, kulisha injini moshi wake yenyewe, lakini inafanya kazi. Tuliazima pampu ndogo ya mkono, tukavuta vakyumu kwenye vali injini ikizunguka taratibu. Ikifanya kazi, injini inapaswa kukohoa na karibu kuzima. Yetu haikukohoa hata kidogo. Vali yenyewe ilikuwa inafunguka vizuri. Njia iliyo nyuma yake ndiyo ilikuwa imezibwa na masizi magumu kama lami. Jumapili nzima ilikwenda kwa waya, brashi na kuchokora. Jioni tulivuta pampu tena na Datsun ikakohoa, ikazima. Sijawahi kuona mtu akishangilia gari kuzima.

Mengine nayapitia haraka: plagi mpya, waya mpya, kifuniko cha distribyuta, oili mpya kwa sababu oili iliyolewa petroli nayo inachangia HC. Taimingi tuliiangalia kwa ile taa ya kumulika, tukakuta aliyekuwa na gari kabla ya anko alikuwa ameisogeza mbele ili lipate nguvu. Mkaguzi anaruhusu tofauti ya digrii 3 tu kutoka kwa namba ya kiwanda. Tukairudisha. Anko alilalamika kwamba sasa gari limekuwa zito mlimani. Nikamwambia Mehta hayupo, apande polepole.

Na tangi. Magari mengi ya petroli ya 1976 na kuendelea hadi 1995 huwa yanajaziwa hewa ya shinikizo dogo kwenye mfumo wa petroli kuona kama linashika, maana petroli ikivukizwa usiku kucha gari likiwa limelala nayo ni HC. Hili ndilo lililonigusa zaidi. Sisi tulikuwa tunahangaika na ekzosi, kumbe mpira mnene wa shingo ya tangi ulikuwa na nyufa, na mvuke ulikuwa unatoka hata injini ikiwa baridi. Chini ya lile dirisha. Anko aliutoa ule mpira, akautazama, akaingia nao ndani kumwonyesha anti. Sikusikia walichoongea. Alipotoka aliagiza mpira mpya na akalipa zaidi ili ufike kesho yake.

Katikati ya haya yote alijitokeza mtu. Rafiki ya rafiki, ana mtu kwenye kituo fulani. Unalipa pesa ya ziada, wanachomeka bomba kwenye gari lingine zuri, lakini karatasi inatoka na namba zako. Wanafanya hivyo, na wakikamatwa wananyang'anywa leseni. Anko alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, halafu akamwambia: "Kitu kidogo nilikiacha Nakuru, ndugu yangu. Sikukipakia kwenye ndege."

Nilikumbuka Volkswagen. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipima magari yao ya dizeli barabarani badala ya maabarani, wakakuta oksaidi za naitrojeni nyingi kupita kiasi. Septemba 2015 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba programu ndani ya magari ilikuwa inatambua dalili za kupimwa, ikawasha usafi wote wakati wa mtihani tu, kisha ikauzima barabarani. Magari kama milioni 11 duniani. Hiyo programu haikujiandika. Kuna mtu wa taaluma yangu, mwenye shahada kama yangu, aliyekaa kitini akaandika masharti yale, mwingine akayakagua, mwingine akayaidhinisha. Datsun ya anko ina makosa yote ya uzee lakini haiwezi kujua kama iko kwenye rola au iko 880. Inatoa moshi uleule. Mswada ule wa msamaha ungepita, mpira wa shingo ya tangi ungeendelea kuvuja, na sisi tungeendelea kumwambia mtoto avute dawa yake.

Siku ya mtihani wenyewe tulienda asubuhi. Kichocheo baridi hakifanyi kazi, kinahitaji joto la nyuzi mia mbili na ushei, kwa hiyo tuliendesha nusu saa kwenye barabara kuu na hatukuzima injini tulipofika. Anko aliomba asiwe ndani ya kituo. Alikaa nje kwenye kiti cha plastiki. Mkaguzi alikuwa kijana wa Kivietnamu, umri wangu hivi, alifungua boneti akasema hajaona mipira iliyopangwa vizuri hivyo kwenye gari la zamani mwaka mzima. Mchoro wangu wenye namba nilikuwa nimeubandika pale, akaupiga picha kwa simu.

HC: chini ya nusu ya kikomo. CO: kama ilivyokuwa, safi. Tangi: limeshika. NO kwa kilomita 40, imepita vizuri. NO kwa kilomita 24, imepita, lakini kwa unywele. Ningependa kujua kwa nini. Nashuku kabureta bado iko na hewa kidogo kwenye sakiti ya chini, na nitakuja kuifungua wakati mwingine, pengine wakati wa likizo.

Cheti kilienda serikalini moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Usajili umekuja. Anti ameukubali kwa masharti mawili, na anko ametia saini (kweli kabisa, kuna karatasi kwenye friji): Datsun itoke Jumapili tu, na isiwashwe tena ikiwa pale chini ya dirisha. Sasa kila Jumapili asubuhi mimi na yeye tunaisukuma kwa mikono hadi kona ya barabara, majirani wakituuliza kama betri imekufa.